Kisanduku Nilichokiruka

Vijana mliorithi viti vyetu kwenye steshenari za Handeni na Korogwe, anayewaandikia ni mzee wa Kwamndolwa ambaye macho yamemtoa kazini. Siku hizi herufi za kwenye kioo nikizitazama zinatawanyika kama siafu waliokanyagwa. Hata hivyo bado mnanipigia simu. Mzee, kisanduku cha fomu hakikubali. Mzee, naandika hivi, kinatokea vile. Nimeona nikae niandike, maana kwenye simu nawajibu la leo tu, na lile kubwa nalikalia.

Kisanduku kikileta ukaidi, msianze kukigonga gonga. Fungueni ukurasa mtupu wa kuandikia, ule usiohusiana na fomu yoyote, muandike maneno yale yale. Tatizo likiwafuata huko, ni la kibodi au ni la mkono wenu. Likibaki kwenye fomu, ni la fomu au la kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia mtandao. Halafu fungueni fomu ile ile kwa kivinjari kingine muone. Kazi hiyo ni ya muda wa kumsalimia mteja na kumuuliza habari za nyumbani, lakini imeniokoa mara nyingi kuliko ujanja wote niliowahi kujifunza.

Alinijia mwalimu mstaafu kutoka Magoma, mtu wa suti na peni mfukoni, akiwa amenuna. Alikuwa amejaribu kujaza fomu kwenye kompyuta ya shule, namba za simu hazikuandikika. Akibonyeza namba za upande wa kulia, mshale unarukaruka tu ndani ya kisanduku. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ana jirani hamtakii mema, na kwamba jambo hilo si la kompyuta peke yake. Nilimkalisha kwenye kompyuta yangu nikaizima ile taa ndogo ya namba iliyo juu ya kibodi, akaona balaa lile lile. Nikabonyeza kitufe chake, taa ikawaka, namba zikaandika. Aliitazama ile taa muda mrefu.

"Kumbe jirani yangu namwonea bure."

"Kwa hili, ndiyo, mwalimu."

Aliondoka akifikiri. Kwa mengine anamwoneaje, sikumuuliza.

Kuna wale wanaojaza kwa simu. Simu ikimalizia neno, inaacha nafasi tupu nyuma yake. Nafasi hiyo haionekani kwa jicho, ila mashine inaihesabu kama herufi. Kijana anakuja anaapa jina ni lile lile la kwenye cheti, na kweli ni lile lile, lakini linakataliwa. Wekeni mshale mwisho kabisa wa jina, mtaona umesimama mbali kidogo na herufi ya mwisho. Rudini nyuma hatua moja. Basi. Wengi walidhani nina dawa.

Mimi mwenyewe niliwahi kulaumu virusi msimu mzima. Nilipopata laptopu ya kwanza, nilikuwa naandika mstari wa chini, mara herufi zinaingia katikati ya neno la mstari wa juu. Nikafuta programu, nikaweka nyingine, nikamtukana aliyeniuzia. Siku moja Bi Zuhura alipita kunisalimia. Akasimama nyuma yangu, akatazama kwa utulivu, kisha akanishika kiganja na kukiinua kama mtu anavyomtoa mtoto mkono kwenye uji.

"Unaegemea," akasema.

Kiganja changu kilikuwa kinagusa ile sehemu laini ya kusogezea mshale. Virusi vilikuwa mimi.

Bi Zuhura ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mpiga chapa kwenye ofisi ya shamba moja la mkonge upande wa Korogwe, nami nilikuwa nimetoka kidato cha nne na vidole vigumu kama vijiti. Wakati huo kosa moja lilikuwa makosa manne, kwa sababu chini ya karatasi ya kwanza kulikuwa na kaboni na nakala zake. Alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza hata kwa meneja: kabla karatasi haijatoka mezani, isomwe kwa sauti mbele ya mwenye nayo. Niliwahi kumwambia kwamba mwenyewe anaweza kusoma kwa macho yake. Akanijibu kuwa jicho linasoma linachokitarajia, ila sikio halina subira na uongo. Nilipohamia Handeni kufungua kibanda changu na kompyuta zikaja, nililibeba sharti lile. Kila fomu niliisoma kwa sauti kabla ya kutuma, na wateja wangu walizoea.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Namayani alikuja na mama yake kutoka maboma ya kule nyikani, ng'ambo ya Kwedizinga. Alikuwa amefaulu kidato cha nne na alitaka kuomba chuo cha uuguzi. Baba yake alikuwa amefariki. Aliyeshika mifugo ya marehemu na kauli ya nyumba ile alikuwa baba yake mkubwa, Mzee Sangau. Mama alinieleza mapema, kabla hata hajakaa, kwamba Mzee Sangau amekubali kwa shida kuuza ng'ombe wa marehemu ili binti asome, na kwamba amekubali kwa mwaka huu. Alilisema hilo mara mbili. Nilielewa kuwa mlango umefunguliwa kidogo, na kuna mkono juu ya komeo.

Tukaanza. Jina la mwombaji, tarehe, shule. Tukafika kwenye jina kamili la baba. Nikauliza kama nilivyouliza watu wote. Mama akaweka kiganja mdomoni na kutazama pembeni, na Namayani akainamisha kichwa. Nilikuwa nimekaa Handeni kiasi cha kuelewa. Kwa wafugaji wale wa Kimaasai, hasa watu wa umri wa mama yule, jina la marehemu halitajwi ovyo. Linaachwa lipumzike naye. Nikasema, msijali, tutarudi hapo, nikakiruka kisanduku.

Namayani akaomba kipande cha karatasi, akaandika jina, akanisogezea juu ya meza kikiwa kimekunjwa. Nikakiweka kando ya kibodi. Jina hilo hata leo sitaliandika hapa.

Mnielewe vizuri nilivyokuwa nafanya kazi, maana kosa limo humo. Nyuma yao kulikuwa na foleni, na wateja wengi walikuwa wa kata zile zile na sanduku la posta lile lile. Kivinjari kilikuwa kinaniuliza kama kikumbuke nilichoandika, nami nilikuwa naitikia ndiyo. Baada ya hapo nikiandika herufi moja ya anwani, orodha inashuka, nachagua, na visanduku vya chini vinajijaza vyote kwa mpigo. Wateja walishangaa, nami nilifurahia kushangaliwa. Sikujua, au tuseme sikujishughulisha kujua, kwamba ukichagua pale kivinjari hakiishii kwenye anwani. Kinapita fomu nzima, juu na chini, na kila kisanduku kitupu kinachokifahamu kinakijaza kwa kumbukumbu za mtu aliyehifadhiwa pamoja na anwani ile. Kilichokwisha kuandikwa hakikigusi. Ndiyo maana nilikuwa sijaumia. Siku zote nilijaza majina kwanza, anwani baadaye.

Dalili nilikuwa nimeiona. Wiki chache kabla, nilikuta kisanduku cha mlezi wa mteja mmoja kina jina ambalo sikuliandika. Nilikifuta nikaendelea. Sikuuliza limetoka wapi. Vijana, kufuta na kuandika upya si kutengeneza. Ni kumfukuza mbwa mwizi bila kuuziba ua.

Basi siku ile niliposhuka kwenye anwani na kuchagua, kisanduku nilichokiruka kule juu, nje ya macho yangu, kilijiandika Salimu Mgaza. Huyo alikuwa mkulima wa Kwedizinga, aliyekuja kumjazia binti yake fomu siku zilizotangulia.

Mimi nilikuwa nautegemea ule wekundu. Mnaujua: ukiacha kisanduku cha lazima, fomu inakataa kwenda na inakuonyesha kwa rangi nyekundu. Nikabonyeza kutuma nikisubiri inirudishe juu, nichukue ile karatasi iliyokunjwa, nimalize. Ikaja kijani. Imepokelewa.

Nilishtuka kidogo, sitawaficha. Karatasi ilikuwa bado imekunjwa vile vile. Nikajiambia nitakuwa nimeliandika bila kujitambua, mikono imezoea. Na kusoma kwa sauti sikusoma. Nilijiambia kwamba ni adabu, kwamba siwezi kumtamkia mjane jina ambalo yeye mwenyewe amelihifadhi. Nilijiona mtu mwenye staha kweli kweli. Kioo kilikuwa kinanitazama mimi, wao walikuwa upande wa pili wa meza. Ningeweza kukigeuza. Ningeweza kumwambia Namayani apite huku asome kimya kimya. Adabu ile ilikuwa rahisi kwangu, na nikaichukua kwa kuwa ilikuwa rahisi. Nikaprinti, nikatia kwenye bahasha, nikaibandika, nikamwambia binti asiikunje wala asiifungue mpaka kwa mtendaji wa kata, ambaye ndiye wa kugonga muhuri.

Namayani alinipigia simu siku ya pili yake. Hakusema shikamoo, na hapo nikajua. Alikuwa amekwenda kwa mtendaji pamoja na baba yake mkubwa. Mtendaji akafungua bahasha na kusoma kwa sauti, kama desturi yake, na benchi la ofisi limejaa watu: Namayani, binti wa Salimu Mgaza. Watu wakageuka. Mzee Sangau alisimama, akachukua fimbo yake, akasema neno moja tu mbele ya wote.

"Basi huyo Mgaza amsomeshe."

Akaondoka. Binti akarudi nyumbani peke yake kwa miguu. Mama yake hakuwa hata amesikia, na watu walikuwa wameshamtangulia kumhukumu.

Nilifungua fomu nikaliona jina. Nikatafuta kurekebisha, lakini ikishatumwa imefungwa. Nikapiga namba ya msaada iliyoandikwa pale chini, nikaambiwa niandike barua pepe, nikaandika, nikaambiwa nisubiri. Ndipo nikafungua fomu tupu na kufanya kile nilichopaswa kufanya wiki zile kabla. Nikakiacha wazi kisanduku cha baba, nikachagua anwani, nikapanda juu taratibu. Mgaza alikuwa amekaa mle ndani. Nikafuta, nikarudia. Akaja tena. Nilikuwa nimefahamu ugonjwa ulikuwa nini, na mgonjwa alishaumia.

Kesho yake asubuhi Salimu Mgaza mwenyewe alikuwa mlangoni kwangu, na baiskeli yake, bado ana jasho la njiani.

"Mzee, umenizalisha mtoto nisiyemjua. Mke wangu hajanipa chai tangu habari ifike."

Nilimweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama nitayasema hayo hayo mbele ya mkewe na mbele ya Wamaasai. Nikasema nitayasema. Kwa mkewe tulianza, na hayo yanabaki kwake. Baadaye tukachukua bodaboda mbili, laptopu ile ile niliyojazia fomu nimeikumbatia kifuani, tukaenda kwenye boma la Mzee Sangau.

Walikuwepo wazee kadhaa wamekaa kwenye vigoda. Mama Namayani alikuwa mlangoni mwa nyumba yake, hakusogea. Nikasema kwamba kosa ni langu, na kwamba mama hana hatia. Mzee mmoja akacheka bila furaha, akasema kila mtu aliyekamatwa huwa ana maelezo. Salimu akaona heri aseme yeye.

"Wazee wangu, mimi huyu mama simjui. Hata ng'ombe wake nawajua kwa nyayo tu, kwenye mahindi yangu."

Hapo wakacheka kweli, hata Mzee Sangau alijipangusa mdomo. Nikaomba niweke laptopu juu ya kigoda. Huko mtandao ulikuwa unashika kwa kubahatisha, lakini fomu niliifungua kabla ya kuondoka mjini na sikuifunga. Nikamwomba Mzee Sangau abonyeze yeye mwenyewe, nisije nikaonekana nafanya kiinimacho. Nikamwonyesha kisanduku cha baba, kitupu. Nikamwonyesha pa kubonyeza kwenye anwani. Akabonyeza kwa kidole kimoja kizito, kisha nikapandisha ukurasa juu, na kijana wa pale aliyejua kusoma akamsomea: Salimu Mgaza.

Mzee Sangau akataka irudiwe. Nikafuta, akabonyeza. Akataka tena.

"Kwa hiyo hata mimi nikikaa hapa, hiki kinaniandika mtoto wa huyu," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Nimeona. Mashine imekosa." Akaniangalia. "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo."

"Ulikuwa unatazama nini?"

Nikamwambia nilikuwa nasubiri mashine iniambie.

Hakunitukana. Aliwaambia wenzake kwa Kimaasai maneno ambayo sikuyaelewa, kisha akaniambia kwa Kiswahili kwamba neno lake la ofisini analirudisha, ng'ombe watauzwa. Nikamshukuru. Nilipogeuka kumtazama mama Namayani, alikuwa ameshaingia ndani.

Lakini ng'ombe kuuzwa hakukufungua fomu. Jibu la barua pepe lilikuja muda wa maombi ukiwa umeisha: taarifa za mzazi hazilingani na cheti cha kuzaliwa, mwombaji asubiri awamu ya mwaka unaofuata. Mwaka ule Namayani aliuza maziwa njia panda huku wenzake wakianza masomo. Na jambo lingine ambalo sikulifikiria: wazee walikuwa wameelewa, ila wale wa kwenye benchi la mtendaji hawakuwepo bomani. Niliambiwa vijana wa mnadani walikuwa wakimwona mama yake wanamuuliza kama Mgaza hajambo. Sikuwa na laptopu ya kuzungushia mnadani.

Nilibadilisha mambo kibandani. Kioo nilikiweka ubavuni, mteja na mimi tukione sawa. Nilifuta kumbukumbu zote za kivinjari na kukikataza kukumbuka. Fomu za watu nilizifungua kwenye dirisha la faragha, lile linalosahau kila kitu likifungwa. Nanyi fanyeni hivyo hivyo. Jina la mtu, simu yake na anwani yake si mali ya kompyuta yenu, hata kama zinawapunguzia kazi. Mkiruka kisanduku, andikeni humo alama yoyote ya kijinga, nyota au mstari, msikiache kitupu mkiutegemea wekundu. Na mteja asiyependa jina lisomwe, mpeni kiti asome kimya. Heshima ipo, lakini isiwe kisingizio cha kutokagua.

Mama Namayani hakukanyaga tena kibandani kwangu. Nilikuwa namwona siku za mnada akipita upande wa pili wa barabara kwenda steshenari nyingine, na nilikuwa nasalimia kwa mkono, naye anaitikia kwa kichwa kama watu wanavyoitikia msibani.

Maombi yalipofunguliwa mwaka uliofuata, Namayani alikuja. Alikuwa peke yake. Akaniamkia vizuri, nikaitikia, nikamvutia kiti cha mteja. Hakukaa.

"Naomba nijaze mwenyewe, mzee."

Nikanyanyuka kwenye kiti changu nikampisha. Nilimfungulia dirisha la faragha, nikamtafutia fomu, nikasimama nyuma yake kama nilivyosimamiwa mimi ujanani, tayari kumsaidia kisanduku kikileta shida. Aliandika polepole, kwa vidole viwili, bila kukosea. Jina lake. Tarehe. Shule. Kisha mikono ikasimama juu ya kibodi.

Nikadhani fomu imekwama. Nikainama mbele nione.

"Mzee," akasema bila kugeuza kichwa, "geukia barabarani."

Nikakumbuka kisanduku kinachofuata shule, nikageuka. Niliwatazama watu wanaopita na mzigo wa mkaa uliokuwa unashushwa ng'ambo, na nyuma yangu nikasikia vitufe vikibonyezwa, kimoja kimoja, mpaka vikanyamaza. Nikaendelea kutazama barabara. Sikugeuka mpaka yeye aliposema nigeuke.